Kushoto na Kuume

Lundi, 2 juin 2025
Kazi imefika! Tata Kitenge, mwenye biro, ofisi ya kuchapisha, amenipa daftari ya coopérative ya creuseurs, wachimba madini. Batu 340. Daftari yenyewe iko mu picha, kila ukurasa na picha yake, mi natia majina mu mashini. Nikimaliza vendredi, tarehe sita, bila kosa, nabakia kazini. Nikikosa — narudia kukaanga mikate mbele ya nyumba. "Mwenye jina haiko, haingie carrière kuchimba. Umesikia, mama Gloire?" Nimesikia, tata.

Mais ile programu ya kuandikia! Nikifungua picha, inakata ekra, kioo cha mashini, juu na chini. Daftari juu, maandishi yangu chini. Naona majina tano tu. Ukurasa ni murefu, mi nataka kushoto na kuume!

Gloire wangu, miezi saba, amepiga clavier na mukono. Mistari tatu imepotea. Nimemubusu tu, nitafanya nini?

Mardi, 3 juin
Nagawanya mwenyewe, kushoto na kuume. Vizuri. Nafunga picha, nafungua nyingine — juu na chini! Mara kumi na saba leo. Tata Kitenge anacheka ati mi na mashini tuko kama bibi na bwana. Sikucheka. Na yeye, tangu miwani yake ivunjike, kila asubuhi anakuza herufi za ekra, unaweza kuzisoma toka barabarani.

Na chef wa kila shimo anaandika ndugu pamoja. Ngeleka, Ngeleka, Ngeleka… Macho yanateleza.

Mercredi, 4 juin
Nimepigia Hénock, njo aliweka ile programu, sasa iko Dilolo. Amecheka sana. "Mama Gloire, haiangalie ekra, inahesabu herufi! Upana usipofika herufi 160, inakata juu na chini." Kumbe ni zile herufi kubwa za tata! Amenielekeza ku simu mpaka ku fichier ya réglage, mahali pa kupangia programu: toa 160, tia 80. Nimetia. Nimehifadhi. Nimefungua picha.

Juu na chini.

Nilitaka kulia. Gloire akanitangulia.

Jeudi, 5 juin
Mujinga mi! Programu inasoma ile fichier wakati wa kuamka tu, na mi sijaizima tangu lundi. Nimezima, nimewasha — kushoto na kuume! Yenyewe! Nimepiga kelele, Gloire amecheka na meno yake mbili.

Tata Kitenge hakuona. Alikuwa ametoka na kurasa nne za kwanza, zimechapwa, wale ba coopérative wanazingojea leo ku kizuizi cha carrière. Akasema: "Ukiendelea hivi, mama, kiti hiki ni chako."

Nimefungua ukurasa wa nne, kwa furaha tu, nione vile inapendeza.

Kushoto, mu daftari, shimo la sita: Ngeleka watatu. Kuume, mu maandishi yangu: wawili.

Nimehesabu na kidole. Ngeleka Mpoyi haiko. Nilimuruka mardi, kabla sijagawanya ekra, ule wakati ilikuwa na mistari tano.

Hakuna mutu anajua. Mi tu. Na kesho Mpoyi atasimama pale na ndugu zake, wao wapite, yeye arudishwe.

Nimepigia tata mara nne. Simu inalia, hakamate. Gloire iko mugongoni, nimefunga kitambaa, viatu viko miguuni. Napiga tena.

Ukurasa wa tatu sijaulinganisha bado.