Marehemu Bado Ni Mdhamini

Kwa Nzioka Mutinda, mjukuu wangu,

Huku nyumbani tuko salama. Goti la susu, nyanya yako, limepoa na amerudi kwaya.

Umeuliza kwa nini nasumbua watu watoe jina la marehemu ndugu yangu kwenye karatasi za wadhamini wa shamba la ukoo, na kila mtu anajua alikufa.

Nikiwa kijana, kanisa letu lilikuwa na ploti Kyumbi. Mdhamini wa mwisho aliyebaki kwenye hati, Mzee Kioko Mutuku, akafariki. Tulimzika vizuri, lakini hakuna aliyempelekea msajili wa ardhi habari. Siku moja tukamkuta mgeni akichimba mashimo ya ua pale. Akasema ameuziwa na Kioko Mutuku.

"Huyo tulimzika!" nikamwambia.

"Mbona jana nimekunywa chai naye?"

Kumbe ni mjukuu. Aliitwa jina la babu yake, kama desturi yetu Wakamba, na baba yake ni Mutuku, kwa hivyo majina yote mawili yalilingana. Kwa msajili, mdhamini alikuwa hai. Ploti tuliipata, lakini mahangaiko yake tuyaache. Nisichosahau ni kwamba kijana huyo ndiye aliyebeba msalaba mbele ya jeneza.

Tangu hapo, kila mazishi naangalia nani amebaki na jina.

Basi nenda kwa msajili wiki hii. Nami nikifa, jina langu litolewe kabla turubai la matanga halijaondolewa. Kazi hiyo nimempa dada yako. Wewe nakupenda sana, usinielewe vibaya.

Babu yako,
Nzioka Mutinda