Mbuzi wa Vita vya Babu Zetu

Rafiki yangu,

Mwanao Pascal ameoa. Amemwoa binti yangu Nadine, Jumamosi iliyopita. Nakwambia mwenyewe kwa sababu nilikuwepo, tena upande ambao hakuna aliyetarajia kuniona.

Wiki yako ya mwisho duniani ulinishika mkono ukasema: "Siku Pascal atapeleka mali, ni weye utamusemea." Niliitika bila kuuliza atapeleka mahari kwa nani. Miaka thelathini ya kuhoji watu redioni, na swali hilo likanipita. Wewe ulicheka. Nadhani ulikuwa unajua.

Pascal alipokuja kuniambia jina la mchumba, nilikumbuka kicheko chako. Kwetu baba wa msichana hasemi kitu siku ya mahari. Wajomba ndio wanaosema. Na msemaji wa mvulana ndiye anayewajibu. Mke wangu akanishauri niiache ahadi, marehemu angeelewa. Nilifikiri siku tatu. Nikaja upande wako.

Basi nikagonga lango la nyumba yangu mwenyewe hapa Kasungami, ukoo wako mzima ukiwa nyuma yangu, dada yako Odile amebeba kuku. Mke wangu akachungulia, akajifanya hatujui. "Ni banani hawa? Tunabajua?" Wakatuacha juani tumesimama, ndipo wakatuingiza chini ya tenti uani.

Donatien, kaka wa mke wangu, ndiye aliyekuwa mjomba wa kusema. Hakuanza na mahari. Alianza na ninyi Wayeke: mlivyotoka Unyamwezi mkifuata shaba, mlivyokuja na bunduki na kusimamisha ufalme, na sisi Wasanga tukabebeshwa shaba na chumvi kumpelekea mfalme wenu. Kisha akaniangalia mimi, Msanga mwenzake.

"Bakubwa benu balikamata shaba. Balikamata chumvi. Leo munakuya kukamata na mutoto?"

Hakuna aliyecheka. Pascal alitazama viatu vyake. Neno moja baya, na ndoa ingeishia pale pale.

Wewe ungetetea. Ungesema Wayeke walifungua njia za biashara mpaka bahari zote mbili, kama ulivyonichosha kwa hadithi hiyo kantini ya redio kila mchana. Sikusema hivyo.

"Ni kweli, yaya," nilimjibu, kwa jina letu la kaka mkubwa. "Balikamata."

Nikaeleza yaliyofuata. Wasanga tuliasi. Vita vikiwa bado vinaendelea, Wazungu wakaingia, wakamuua mfalme wenu, wakachukua vilima vyenyewe vya shaba, wakachora mpaka uliowaacha binamu zetu upande wa Zambia. Babu yako na babu yangu walikutana katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, nyumba zao ukuta mmoja, kila mtu na namba yake ya kazi. Wazungu walitukuta tunapigana. Wakatufanya majirani bila kukusudia.

Donatien akatoa hukumu: faini. "Mbuzi moja. Ya ile vita."

Odile akadakia kabla yangu: "Mbuzi moja kwa vita muzima? Tutaleta mbili! Ya pili ni ya vita yenye hawa babili bataanzisha kwa nyumba yabo!"

Donatien alicheka mpaka akashika nguzo ya tenti. Nadine akaitwa, akaulizwa kama anawajua wageni hawa. Akawataja mmoja mmoja, shangazi na binamu, akafika kwangu. "Huyu wa mbele, hapana. Simujui." Hapo hata mke wangu aliacha kujikausha, akapiga vigelegele.

Mbuzi wote wawili tuliwala. Odile alicheza kwa niaba yako, vibaya kama wewe. Nilipomwona nilitoka kidogo nyuma ya nyumba, nikarudi.

Nakuaga sasa, ndugu yangu. Ulichoniomba nimekifanya. Ninakuahidi kingine ambacho hukuomba: wajukuu wetu nitawasimulia historia ya Wasanga, na kwa kuwa hupo, nitawasimulia ya Wayeke pia. Mahali mliposhinda, nitasema mlishinda. Itaniuma kidogo.