Agizo la Mke Mkubwa

Jumatatu, 5 Februari 2001
Somo la tisa katika chumba cha kompyuta, Tukuyu mjini. Mvua. Umeme ulikatika mara mbili. Bado naandika programu ya maagizo ya mbegu za viazi. Tangu ushirika ulipokufa, kikundi chetu kinaagiza chenyewe kwa mfanyabiashara wa Mbeya, na mimi ndiye katibu. Lugha ya programu inaitwa Perl. Alama moja ikikosekana, yote inakataa. Napenda ukali huo. Anayenifundisha ni Salma, binti wa muuza vitambaa. Nilipoigombeza mashine alicheka. "Mwalimu, hiyo haijui kwamba ulikuwa mwalimu mkuu." Sikufurahi.

Jumatano, 7 Februari
Programu imekubali. Inasoma faili la maagizo mstari kwa mstari, inaweka idadi ya madebe chini ya kila jina, kisha inachapa orodha. Salma alishauri wanawake niwaandike kwa majina yao wenyewe. Nilikataa. Orodha rasmi humwandika mke kwa jina la mume. Ndivyo tulivyofanya katika ofisi ya shule miaka yote. Nilimpelekea mwenyekiti wa kikundi karatasi ile mkononi, bila kuikunja. Nilijivuna kupita kiasi.

Jumamosi, 10 Februari
Siku ya ugawaji. Stoo ilijaa watu. Mama Neema wa Lufingo, mke mkubwa wa Ambakisye, alidai madebe matatu. Kwenye orodha: mke wa Ambakisye, madebe mawili, yamechukuliwa. Nikamwambia kwa sauti kwamba ameshachukua na sasa anataka tena.
"Mimi? Si nimefika sasa hivi, mwalimu!"
Nikasema mashine haisemi uongo. Mtu mmoja nyuma akadakia, "Mama, rudisha na yale ya kwanza!" Wakacheka. Aliondoka na magunia yake matupu. Shamba lake limeshalimwa, linangoja mbegu tu.

Jumatatu, 12 Februari
Jumapili yote sikutulia. Leo Salma amenionyesha namna ya kutafuta neno ndani ya faili. Nikaandika Ambakisye. Ikatoka mistari miwili. Wa kwanza, madebe matatu. Wa pili, madebe mawili. Wake wawili, jina moja.
Salma alieleza taratibu. Programu yangu ni kama kabati; kila jina lina droo moja. Kikiingia kitu kipya, cha zamani kinatupwa. Agizo la mke mdogo lilifuta la mke mkubwa. Mashine ilifanya nilivyoiambia.
Mimi ni mtoto wa mke wa pili. Mama yangu alikuwa na nyumba yake, shamba lake, mbegu zake. Hakuna aliyewahi kuzichanganya na za mke mkubwa. Nilijua hayo kabla sijajua kusoma. Naona aibu hata kuyaandika.

Jumanne, 13 Februari
Stoo hakuna mbegu tena. Mbeya nako zimekwisha. Nilichukua madebe mawili ya mbegu zangu mwenyewe, la tatu nikalipata kwa jirani. Mtu wa baiskeli akabeba, nami nikamfuata kwa miguu hadi Lufingo. Niliwakuta wake wote wawili wakipanda viazi vya mdogo. Niliomba radhi. Nilieleza kosa lote.
Mama Neema alipokea mbegu. Akajifuta mikono.
"Stoo ulinisema mbele za watu, mwalimu. Radhi unaniletea huku kwenye migomba?"
Mke mdogo akaangua kicheko. "Na sauti ameiacha Tukuyu!"
Nililijua jibu. Nilichagua shambani kwa sababu hakuna watu. Woga mtupu, kwa umri huu.

Jumatano, 14 Februari
Sikwenda kwenye somo. Sikula vizuri.

Alhamisi, 15 Februari
Siku ya soko. Nilisimama mlangoni pa stoo, kofia mkononi. Nikasema Mama Neema hakudanganya wala hakutaka kuchukua mara mbili. Agizo lake nililifuta mimi. Si mashine. Nilirudia, kwa kuwa wa nyuma hawakusikia. Baadhi yao, niliowafundisha shuleni, walitazama chini. Mama Neema alikuwapo na kikapu chake. Alisikiliza mpaka mwisho.
"Ndaga, mwalimu," akasema, asante ya kwetu. Akaenda kununua chumvi.
Mvua ikaanza. Nilikaa kwenye benchi la stoo mpaka mvua ilipokatika.