Rehema Anatafsiri

Alhamisi, 4 Julai
Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Nimenyoa ndevu, nimevaa shati la Idi. Petroli hakuna, kwa hiyo nimekwenda kwa miguu, toka kwetu Nyakabiga mpaka mtaa wa Kinindo, kwenye ofisi yenye intaneti. Vumbi mpaka masikioni.

Mkutano wa chama chetu cha mtaa na wenzetu wa mji ndugu, Ujerumani. Wao watano kwenye skrini. Pembeni yao Rehema, mke wangu, anatafsiri. Chama kilimtuma kule kwa mafunzo ya miezi mitatu. Huu mwaka wa pili, hajarudi. Mwaka jana nilimwambia kwa simu asikanyage tena mlangoni kwangu. Akakata. Tangu siku hiyo hapokei simu yangu. Mjinga mi!

Mi ndiye katibu. Nimeuliza habari za mabeleshi ya kuchimbia mitaro mara tatu, nisikie tu sauti yake. Amejibu zote, ananiita Bwana Katibu. Mama Zaina, mwenyekiti, amenikanyaga mguu chini ya meza.

Amekonda.

Jumanne, 9 Julai
Wajerumani wameandika. Mkutano wa Agosti ndio wa mwisho, baadaye ni barua tu. Barua! Nimekata bolti ya mteja kwa hasira. Leo garajini hakuna mutu aliyenisemesha.

Jumatano, 31 Julai
Nimeandika ripoti, nimechana, nimeandika tena. Nikitaka kumwomba msamaha lazima niseme mbele ya wote, na yeye mwenyewe awaambie Wazungu wale kwa Kijerumani. Aibu gani hii! Njia nyingine sina.

Mlango wa jikoni umekwama tena. Nimeupiga teke. Rehema aliulalamikia miaka na miaka, na mi fundi wa magari ya watu.

Alhamisi, 1 Agosti
Nimesema. Baada ya mitaro, kabla ya mengineyo. Kwamba mwanachama wetu mmoja yuko mbali, katibu alimtolea maneno mabaya, katibu amemkumbuka mno, anamwomba arudi nyumbani. Mama Zaina akaangalia dari.

Wajerumani wanasubiri. Halafu Rehema akatafsiri, polepole, nadhani yote, maana mzee wao alivua miwani.

Mzee akajibu kidogo. Rehema: ahsante kwa kazi, mabeleshi yatafika kabla ya mvua. Basi. Nikaanza kukunja karatasi zangu. Akaongeza kwamba mzee anauliza pia, ule mlango wa jikoni bado unakwama?

Mzee yule hajafika kwetu hata siku moja.

Ijumaa, 2 Agosti
Baada ya swala nimeung'oa mlango. Nimeupiga randa, nimebadilisha bawaba. Unafunguka kwa kidole. Nimefungua, nimefunga, nimefungua. Jirani kauliza kama nimepata wazimu. Nimemwambia apana, mke wangu ameuliza habari zake.