Marehemu Mke Wangu Anawaka Kijani na Mashine Nimeizima

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi wapangaji wa korido yetu tunakutana kumkata mtu kwenye mtandao, na mimi ndiye niliyeomba akatwe, ila moyo haujatulia.

Mimi ni fundi bomba, sikusoma sana, na marehemu mke wangu, ambaye wateja wote walimwita Mama Wino, alikuwa na chumba cha kuchapa na kutoa kopi, akafariki miezi saba iliyopita, nikasema chumba chake hakifungwi, basi asubuhi nachapa barua za watu kwa vidole viwili na mchana narudi kwenye mabomba. Kompyuta yake inatumia mfumo wa Linux, na yote aliyoyajua juu yake ameyaandika kwenye daftari la jalada la bluu, kwa penseli, kwa sababu alikuwa akisema kalamu ni ya watu wasiokosea.

Vyumba vyetu vinatumia ruta moja, kile kisanduku cha kugawa mtandao, na ruta ile humpokea yule tu ambaye anwani ya kadi yake ya mtandao, zile herufi na namba kumi na mbili ambazo kadi huzaliwa nazo, imo kwenye orodha. Orodha aliiandika mke wangu na ufunguo wake sasa ninao mimi peke yangu, na mbele ya kila anwani aliweka jina, mwenyewe alijiandika Mama Wino, na fundi cherehani wa chumba cha pili alimwandika Jirani Mwema.

Mwezi wa jana mtandao ulikatika, taa ya kadi haikuwaka, nikajua kadi imekufa, nikaitoa, nikanunua mpya pamoja na waya mpya, taa ikawaka lakini ruta ikaikataa kwa kuwa haiijui. Nikafungua daftari nikakuta ameandika, "Kubadili anwani: laza kadi, ipe anwani, amsha kadi." Kwanza nilijaribu kuipa tarehe yake ya kuzaliwa, inayoanza na 19, nikajazia sifuri zitimie kumi na mbili, mashine ikakataa, nikaumia, basi nikaipa anwani ya kadi yake ya zamani, ikakubali, nikaiandika na kwenye faili la kuwashia ili isipotee mashine ikizimwa. Nilipofungua orodha nikaona Mama Wino, na pembeni nukta ya kijani, yupo. Nilikaa nikiitazama mpaka chai ikapoa.

Kadi ya zamani nilimpa shemeji, mdogo wake marehemu, aliyehamia chumba cha mwisho wiki hiyo hiyo na kompyuta yake ya kusahihishia vitabu, akaniomba, "Shemeji, nipe mimi, kuliko kuitupa." Ni mtu mpole sana, hajanisumbua hata siku moja, hata kuandikwa kwenye orodha hajaniomba. Waya wa zamani niliuzungusha nikautundika ukutani, una alama za meno ya panya, naye marehemu alikuwa akimcheka yule panya.

Sasa tangu hapo mtandao unaniingia na kunitoka, barua ya mteja inafika nusu inakwama, isipokuwa Jumanne, siku ambayo shemeji hupeleka kazi mjini. Na wiki iliyopita nilizima mashine, nikafungua orodha kwa simu, mshauri, Mama Wino alikuwa anawaka kijani. Nikakumbuka fundi cherehani aliwahi kuniuliza, "Hivi hizo namba hubadilishwaje?" Nikaenda kwake mbele ya wateja nikamwambia, "Mama, rudisha jina la mke wangu." Akacheka, "Baba we, jina la marehemu nilitie wapi, kwenye bobini?" Nikaona ananidharau, nikarudi nikafuta Jirani Mwema nikaandika Mwizi. Miaka kumi alikuwa akinywa chai na mke wangu. Nikimkata, atapokeaje vipimo vya wateja wake? Lakini nikimwacha, ataendelea kujiita mke wangu. Nifanyeje?

Mimi, Fundi Bomba

MSHAURI ANAJIBU

Pole, kaka. Pole ya kweli, kwanza. Hiyo chai iliyopoa imenigusa.

Sasa kaa vizuri, maana pole imeisha. Safu hii ni ya wapendanao, lakini kabla ya kuwapatanisha watu nilitambaza waya kwenye dari za ofisi kwa miaka tisa, kwa hiyo umeangukia pabaya.

Wewe ni fundi bomba. Maji yasipotoka, unang'oa bomba la mteja kabla ya kuangalia kama mpira umekatika? Basi kwa nini uling'oa kadi na waya unaona umetafunwa na panya? Ulibadilisha vyote viwili kwa mpigo, taa ikawaka, ukaitangaza kadi marehemu bila kustahili. Kadi ile haikufa. Umeizika hai, tena kaburi lenyewe ni kompyuta ya shemeji yako.

Ndiyo, shemeji mpole. Hajaomba kuandikwa kwenye orodha, na ufunguo unao wewe peke yako. Hicho chumba cha mwisho anaingiaje mtandaoni, kwa dua? Amechomeka kadi ya dada yake na ruta ikampokea kama mwenyeji. Wewe nawe umeivika kadi yako mpya anwani ile ile. Ruta inaona Mama Wino wawili, kila kifurushi cha ujumbe hakijui kibishe mlango gani, leo kwako, kesho kwake. Jumanne shemeji hayupo, wewe unapeta. Ukizima yako, yake inawaka kijani. Uliandika dawa yote katika barua yako kwa mkono wako, kisha ukaenda kumtukana mshona nguo!

Usiniamini kwa maneno. Zima mashine yako, mwombe shemeji azime yake, tazama orodha. Nukta ikizimika, umemaliza upelelezi. Na usimgombeze, kadi ulimpa wewe na hukumwambia umebaki na anwani yake.

Kisha andika ip link kwenye mashine yako. Utaona anwani unayotumia, na mbele ya neno permaddr utaona ile ambayo kadi yako ilizaliwa nayo. Inakili, kwa penseli, tafadhali. Itie kwenye orodha ya ruta. Ukishamaliza hapo, na si kabla, futa ule mstari wa faili la kuwashia, uwashe mashine upya. Kadi itaamka na anwani yake yenyewe. Na ile tarehe ya kuzaliwa, mashine haikukataa mapenzi yako. Jozi ya kwanza ikiwa namba witiri, kama hiyo 19, hiyo ni anwani ya kuita kundi zima, haipewi kadi moja. Anayebuni anwani yake huweka 2, 6, A au E katika nafasi ya pili. Lakini wewe usibuni tena kitu, nakuomba.

Mbele ya anwani yako andika "Mume wa Mama Wino". Jina la Mama Wino liache kwenye kadi yake, mikononi mwa mdogo wake. Ukiona kijani asubuhi, ujue kuna mtu wa damu yake anafanya kazi. Waya wa panya utupe, kaka, huo ndio uliokufa.

Halafu Jumamosi. Usingoje Jumamosi. Ulimfanya mwizi mbele ya wateja, kamwombe radhi wateja wakiwa wamejaa, na akikuuliza tena kama jina liko kwenye bobini, ucheke, umestahili. Ila kabla ya kuvuka korido, fungua ile orodha. Mkeo, aliyeogopa kutumia kalamu, alimwandika yule mama Jirani Mwema na miaka kumi hakuona haja ya kufuta. Lirudishe kama alivyoliandika.