Wageni Wasimame

Shikamoo Bibi,

Hili sijamwambia mtu yeyote. Jumapili kanisani wageni waliombwa wasimame wajitambulishe, mimi nikabaki nimekaa kama mzaliwa wa hapa Maisaka. Niliogopa sauti yangu itatetemeka.

Leo Mjomba alikuwa anatengeneza redio ya upepo, ile ya kuitana kwa mbali, akanionyesha wimbi lake kwenye kioo cha kipimo. Nilitegemea mstari mwembamba, kumbe una michirizi kama manyoya pembeni.

“Ni mbovu?” nikamuuliza.

“Nzima. Hakuna wimbi lisilotetemeka hata kidogo, anko. Na hii inasikika mpaka kule Sigino.”

Namsikia Mjomba anakuja mlangoni. Kadi hii ninayokuandikia siifichi. Akiisoma, Jumapili ijayo atanisimamisha kanisani, na ndivyo ninavyotaka.

Niombee, Bibi, na jogoo wangu usimchinje kabla sijarudi.

Mjukuu wako,
Elia