Mkebe wa Mbegu wa Mama

S.L.P. 74,
Sondu.

25 Aprili 1993

Mpendwa ndugu yangu Gordon,

Pokea salamu zetu kutoka nyumbani. Hujambo huko Lusaka? Shemeji Lornah hajambo, na kile kifua chake kimepona? Sisi tuko hai. Shemeji yako Dorca ana homa inayokuja na kuondoka. Mapacha wetu, Apiyo na Adongo, wamekonda lakini wanacheza. Jino la mbele la Adongo limeng'oka, na ameniambia nikuandikie hilo kwanza.

Barua yako ilifika Jumanne. Umeuliza mambo mawili: mama alikufa kwa ugonjwa gani, na kwa nini tusikungoje uje Juni ndipo tupande. Nimekaa nayo siku tano kwa sababu sikutaka kukuandikia nikiwa na hasira. Hasira haijaisha, kwa hiyo nitaandika hivyo hivyo.

Telegramu ilisema malaria kwa sababu ndivyo walivyoandika kwenye karatasi. Sikiliza yaliyotangulia malaria.

Mwaka jana tulipochomewa nyumba na kukimbilia uwanja wa kanisa kule Nyamasaria, kila mtu alishika alichoweza. Mimi, kwa ujinga wangu, nilibeba redio isiyo na betri. Mama alibeba mkebe wa mafuta ya Kimbo uliojaa nyamula, yale mahindi yetu ya manjano ya miezi mitatu, amezichanganya mbegu na jivu zisiliwe na wadudu. Mwaka mzima kambini mkebe huo ndio uliokuwa mto wake. Siku moja ya njaa Apiyo alimwomba achemshe kidogo tu. Mama akamwambia, "Hiki si chakula, mjukuu wangu. Hili ni shamba."

Baada ya uchaguzi wakubwa walitaka kambi iishe. Malori yakaja mwezi wa pili. Afisa mmoja alisimama juu ya lori akasema amani imerudi, twende kwenye mashamba yetu, na chakula kitatufuata mpaka tuvune. Simiyu, jirani yetu fundi wa baiskeli, akamuuliza, "Bwana afisa, hiyo amani yenyewe inaliwa na mboga gani?" Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Afisa akasema, "Mzee, usituletee siasa hapa."

"Siasa mmeleta nyinyi," Simiyu akamjibu. "Mimi nimeleta sufuria."

Gordon, chakula kilikuja mara moja tu, gunia moja kwa nyumba tatu. Nilipokwenda kuuliza niliambiwa majina yetu yamefutwa kwenye orodha ya wakimbizi kwa kuwa tumerudi nyumbani. Nyumbani gani? Tulikuta mawe matatu ya jiko na ule mlimau. Walipotuita wakimbizi ndani ya nchi yetu nilinyamaza. Sasa wametufuta hata ukimbizi ili wasitupe unga, na kwenye redio wanasema watu wamerudi kwa furaha.

Mbegu walizoahidi zilifika mvua imeshaanza, nazo ni za nchi ya baridi, za kukaa shambani miezi minane, zimepakwa dawa nyekundu. Nasambu, mke wa Simiyu, aliziosha mara saba akawapikia watoto. Walitapika siku mbili. Namshukuru Mungu walipona, na asiwepo mtu wa kumlaumu Nasambu mbele yangu.

Mama alikuwa akisema ameshakula. Nilimwamini, na hilo ndilo linaloniuma. Alikaa nje akitafuna polepole, vile vile kama mwaka ule wa njaa tulipokuwa wadogo. Unakumbuka? Wewe ndiye uliyenionyesha kwamba mdomo wake ulikuwa mtupu. Nami nimekuwa mtu mzima nikasahau kutazama.

Malaria ilikuta mwili usio na kitu. Siku tatu tu. Tulipomwinua, mkebe ulikuwa chini ya kichwa, umejaa kama alivyoubeba. Kwa hiyo mama alikufa kwa njaa, Gordon, akiwa amelalia mahindi.

Sasa swali lako la pili. Utaratibu wa boma letu naujua. Mama ndiye aliyekuwa akitangulia kutia mbegu ardhini. Sasa hayupo, unatangulia wewe mkubwa pamoja na Lornah, ndipo mimi. Baba mdogo Nicodemus alinionya, "Walter, usimruke ndugu yako. Unataka kumzika akiwa hai?" Nikangoja. Wiki tatu mvua imenyesha juu ya shamba lililolimwa likiwa tupu. Barua ikaja, ikasema Juni. Juni mvua imekwisha! Umeandika kama mtu anayenunua unga dukani. Nisamehe, lakini ndivyo.

Juzi nilimwona Apiyo amekaa nje, anatafuna. Nilimwambia afungue mdomo. Mdomoni hamkuwa na kitu.

Jana asubuhi nilichukua mkebe nikapanda. Nimekuruka, ndugu yangu. Baba mdogo alisimama kwenye ua asinisalimu. Dorca alilia, lakini alinifuata nyuma akifukia. Kama kuna chira, ile laana ya kuvunja mila, na inishike mimi.

Siombi ruhusa, maana mbegu ziko ardhini. Ninaomba umwandikie Baba mdogo, upesi, kwamba umeniachia nafasi yako mwaka huu. Bila neno lako hataonja kitu cha shamba hilo, na yeye pia kwake hakuna kitu. Nimemzika mmoja aliyekataa kula. Sitaki wa pili.

Mstari wa kwanza, ule ulio karibu na kaburi la mama, sikuupanda. Nimebakiza konzi moja ya mbegu ndani ya mkebe pamoja na jivu alilozichanganya nalo. Hizo ni zako na Lornah. Njooni, hata kama ni Juni.

Nisalimie Lornah na Tom, mwanenu na wangu pia, umwambie bado ninaitunza filimbi yake. Simiyu na Nasambu wanakusalimu. Dorca anakusalimu na kusema usikasirike naye. Mungu aliyekuwa akimwona mama pale nje akuone na wewe huko ugenini, asikose kukutazama.

Mimi mdogo wako, ninayekupenda na hasira yangu yote,

Walter Oduor